Samaki malaika, gapi au beta: nianze na yupi kwenye tangi la kwanza?

Kipepeo_Tabata
Wakuu habari za jioni. Jirani yetu amehamia Mwanza akatuachia tangi la kioo, urefu sentimita 90, upana 40, kimo 50. Nimepiga hesabu, lita 180 likijaa mpaka ukingoni. Limekuja na filta na taa, samaki hakuna.

Binti yangu wa darasa la tano amewaona samaki malaika dukani, wale bapa wenye mapezi marefu juu na chini kama tanga la ngalawa. Tangu siku hiyo hataki kusikia samaki mwingine. Muuzaji anasema hawa ni wastahimilivu, hawafi ovyo, nichukue wanane, nijaze maji asubuhi na jioni nitie samaki. Mwenzangu kazini anasema malaika si wa mtu anayeanza, nichukue gapi au beta. Sijawahi kufuga samaki. Maji tunayotumia ni ya kisima, yana chumvichumvi, na ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki. Naomba mnilinganishie. Sitaki samaki wa mtoto afe mbele ya macho yake.

MamaTariq_Msa
Ndugu yangu, anza na gapi. Mimi niko Mombasa, maji yetu ya kisima ni mazito, ukichemsha birika wiki moja tayari lina ukoko mweupe. Gapi hustawi katika maji hayo hayo. Hali chakula kingi, hana makuu, na jike huzaa watoto walio hai kila baada ya wiki nne hivi. Mtoto wako ataona vitoto vimejificha kwenye majani, nayo hiyo ni furaha isiyo na kifani. Nilianza na madume wawili na majike wanne, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nagawia majirani.

Malaika ni mzuri wa sura, lakini ataka tangi refu, ataka maji yaliyotulia, na akikua atawameza samaki wadogo. Usimwonee haya muuzaji, mwambie la.

Kibuyu_Nairobi
Mama Tariq amesema kweli kuhusu maji, lakini mimi nitamtetea malaika. Watu wengi wanamkataza mgeni kwa sababu ya tangi dogo. Wanamnunua akiwa saizi ya sarafu, wanamweka kwenye kitangi cha lita 40, na akishakua yule samaki anaweza kufika kimo cha sentimita 20 ukipima kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini. Hana pa kugeukia. Mapezi yanajikunja, anadumaa, kisha watu wanasema malaika ni dhaifu. Huyu ndugu ana kimo cha 50 tayari! Kwa sehemu kubwa shida imeshatatuliwa.

Tena hawa wanaouzwa madukani wamezalishwa kwenye matangi vizazi kwa vizazi. Wenye asili ya mto, kule bonde la Amazon, wanaishi katika maji laini yenye tindikali kidogo, kati ya mizizi na matawi ya misitu iliyofurika. Ndiyo maana wana umbo hilo bapa na ile milia ya kusimama, wanapotea kati ya mashina. Wa dukani wanavumilia zaidi. Wangu wanaishi kwenye pH (kipimo cha tindikali ya maji) ya 7.4 mwaka wa nne sasa.

Beta ni mzuri kwa mtu mwenye nafasi ya lita 20 tu. Anaweza kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hata pampu ikizimika anajikimu. Lakini dume ni mmoja kwa tangi, na usimchanganye na malaika, watararuana mapezi. Kumweka beta mmoja ndani ya lita 180 halafu basi, mtoto atachoka wiki ya pili.

Sponji_Ilala
Nasoma hapa naona tunalinganisha samaki, na jambo linaloua samaki wa wageni halijatajwa. Ndugu Kipepeo, hilo neno la "jaza asubuhi, tia jioni" ndilo la kuogopa, awe malaika, awe gapi.

Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa maneno hayo hayo. Nikanunua malaika wanne, wadogo, milia yao myeusi kama wino. Maji yalikuwa safi yanang'aa, nikajisifu. Siku ya nne wakaacha kula. Siku ya sita wakawa wanapanda juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanakwenda mbio, mapezi yamelala mwilini. Nikadhani wana njaa nikaongeza chakula. Siku ya tisa alibaki mmoja. Maji bado yalikuwa yanang'aa.

Kilichowaua ni amonia. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, na kwa macho huioni. Kwenye tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hao bakteria wanakaa kwenye sponji ya filta, kwenye kokoto, kwenye kioo. Kwenye maji yenyewe ni wachache mno. Tangi jipya halina kitu. Kuwaotesha huchukua wiki nne mpaka sita.

Na sisi wa Dar tuna hatari ya ziada: maji yakiwa ya moto na pH ikiwa juu, amonia ile ile inakuwa kali zaidi. Maji ya kisima chako huenda pH iko juu, na mwezi wa pili tangi la sebuleni linafika nyuzi 30 lenyewe.

Fanya hivi. Weka kokoto, jaza maji, washa filta usiizime hata usiku. Kila siku tia chembe za chakula cha samaki kana kwamba samaki wapo, zioze humo. Nunua kipimo cha matone cha amonia na naitraiti. Siku utakayoona zote mbili zimesoma sifuri huku unaendelea kutia chakula, tangi limeiva. Njoo PM (ujumbe wa faragha), nitakukamulia sponji yangu ya miaka mitatu kwenye mfuko. Yale maji ya kahawia yanayotoka, yanayochukiza kuyatazama, ndiyo mbegu. Yatakupunguzia kusubiri.

Kipepeo_Tabata
Mkuu Sponji nashukuru sana, nakuja Jumamosi. Wiki sita nitamweleza mtoto. Je, nikiwa na tangi lililoiva, wanane wanatosha kukaa humo? Na nikiwaweka pamoja na wale wadogo wenye mstari wa bluu unaong'aa?

Kibuyu_Nairobi
Wanane hapana. Watano wadogo kuanzia, nao uwe tayari kuwapunguza. Malaika akiwa mdogo huwezi kujua dume wala jike. Ukinunua wawili unaweza kupata madume wawili wanaofukuzana mpaka mmoja afe. Watano wakikua pamoja, wawili watachaguana wenyewe, na siku wakitaka kutaga watawasukuma wengine wote kona moja ya tangi. Hapo unabaki na hao wawili, wengine unawarudisha dukani au unampa mtu. Tafuta mtu huyo kabla hujanunua.

Hao wa mstari wa bluu ni neoni. Nilikuwa nao kumi na wawili pamoja na malaika. Miezi minane hakuna neno. Kisha kila asubuhi nikihesabu naona kumi, naona tisa, naona saba, na malaika mmoja tumbo limejaa. Mzoga hamna. Samaki mwenye mwili wa kimo kirefu namna ile ana mdomo mkubwa kuliko unavyoonekana. Weka wenzake wasioingia mdomoni, kama wale kambare wadogo wa kokoto wanaoitwa kori. Na samaki wenye tabia ya kung'ata mapezi, hasa tiger barb, usiwalete kabisa.

Mwl_Biolojia_Arusha
Naongeza neno moja la ukoo. Malaika, kwa jina la kitaalamu Pterophyllum scalare, yuko familia moja na sato, perege, na furu wa Ziwa Victoria. Ukijua hivyo tabia zake hazikushangazi: ana akili, anamjua anayemlisha, na analinda watoto. Tofauti ni kwamba sato jike huatamia mayai mdomoni, wakati malaika hubandika yake kwenye jani pana au bomba la filta, kisha baba na mama wanayapepea kwa mapezi ya ubavuni. Yale yaliyoharibika yanageuka meupe, wanayachomoa moja moja. Siku mbili tatu yanaanguliwa, na baada ya wiki hivi vitoto vinaogelea kama wingu. Mara za kwanza wazazi wenyewe hula mayai. Mwambie binti mapema asilie, wanajifunza.

Lakini undugu huo usikudanganye ukachanganya malaika na mbuna wa Ziwa Nyasa. Mbuna wanataka maji mazito, pH karibu 8, na ni wagomvi sana.

Kuhusu hita: kwa Dar huihitaji miezi mingi. Sisi Arusha mwezi wa saba bila hita maji hushuka chini ya nyuzi 20, na malaika anataka 25 mpaka 28. Kwa baridi yetu samaki wa dhahabu ndiye angefaa zaidi, ila anakua mkubwa na anachafua maji kuliko wote waliotajwa hapa. Kwa joto la Tabata usimguse.

MamaTariq_Msa
Basi mimi nabaki na gapi wangu, ila nakubali kwa tangi la kimo hicho hoja ya Kibuyu ina uzito. Nina wasiwasi mmoja: chumvi ya kisima. Hiyo gapi haimsumbui. Malaika je?

Sponji_Ilala
Swali zuri, mama. Chumvichumvi ya kuonja ulimini mimi simpi malaika. Kipepeo, siku maji ya bomba yakija jaza pipa, liache wazi saa 24 klorini ipungue, au tia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Kila wiki badilisha robo ya tangi. Kama bomba halitabiriki na kisima ndicho pekee, hapo namuunga mkono Mama Tariq bila kusita: chukua gapi, mtoto atafurahi, na samaki wataishi.

Umeme ukikatika, uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Na sponji ya filta ioshe kwenye maji uliyotoa tangini, kamwe si chini ya bomba, klorini itaua ile mbegu yote.

Nungwi_Pwani
Kwenye chakula nitie neno. Malaika ataomba kila ukipita, atakuja mbele ya kioo anatikisika mwili mzima. Mpe mara mbili kwa siku, kile anachomaliza ndani ya dakika mbili. Mpe kazi hiyo binti, mpimie kwa kijiko kidogo, kopo ulifiche wewe.

Kipepeo_Tabata
Wakuu narudi na habari, wiki ya saba sasa. Sponji ya mkuu wa Ilala ilifanya kazi. Amonia ilipanda wiki ya pili mpaka rangi ya matone ikawa kijani kibichi, kisha naitraiti ikapanda, na tangu siku ya thelathini na tatu zote zinasoma sifuri. Binti alikuwa anaandika vipimo kwenye daftari lake la mazoezi, kila jioni, na tarehe. Nimenunua pipa la lita 200 la maji ya bomba, kisima tumekiacha.

Jumamosi tulileta malaika watano wadogo kutoka kwa mfugaji wa Kinondoni ambaye amekubali kuwapokea tena wakianza kugombana. Tuliuacha mfuko uelee juu ya maji dakika ishirini, tukaongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja, kisha tukawatoa kwa wavu. Saa ya kwanza walisimama nyuma ya jani moja, wote watano wamepanga mstari. Leo asubuhi wamekuja mbele. Mmoja mwenye doa jeusi karibu na jicho ndiye wa kwanza kula, na ameshapewa jina.

Mama Tariq, mwenzangu kazini ana tangi la lita 40 na kisima kama chetu. Nimemtumia maneno yako.