Bomba la gesi asilia limefika mtaani kwetu Mtwara: tujiunge, au tubaki na mitungi na kuchagua muuzaji mwingine?

Mwalimu wa Hisabati aliandika:

Habari za jioni, wadau. Ninaishi Mtwara mjini, katika nyumba yetu wenyewe, tukiwa watu sita, na kwa miaka saba sasa tunapikia gesi ya mtungi wa kilo 15. Mtungi mmoja hutufikisha karibu wiki tano, isipokuwa msimu wa ming'oko, viazi vya porini vya huku kusini, ambayo watoto wanaipenda na ambayo haiivi mpaka ichemke muda mrefu na maji yakauke. Msimu huo mtungi hauvuki wiki nne. Mwezi uliopita mtaro ulichimbwa katika barabara ya nyuma yetu, bomba la gesi asilia likalazwa, na majirani wawili wamekwisha kujaza fomu za kuunganishwa. Mume wangu anasema tujiunge mapema, kwa kuwa gesi inatoka hapa hapa Msimbati na haiwezi kuwa ghali kama ile inayoletwa kwa meli. Mimi hoja hiyo peke yake haijaniridhisha, kwa sababu samaki nao wanavuliwa hapa hapa, na zipo siku hawashikiki kwa bei.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, mtungi unauzwa kwa kilo na gesi ya bomba inauzwa kwa mita za ujazo. Nitazilinganishaje ili nijue ipi ni nafuu kweli? Pili, tukiamua kubaki na mtungi, jirani yetu wapo mawakala watatu wa kampuni tofauti, na bei zao zinapishana kwa shilingi elfu mbili hadi tatu. Nimchague kwa kigezo gani zaidi ya bei? Tatu, nimesikia kwamba katika nchi nyingine mwenye nyumba huchagua kampuni ya kumuuzia gesi ya bomba kama sisi tunavyochagua mtandao wa simu. Je, uchaguzi huo upo kwetu?

Natanguliza shukrani.

Fundi wa Majengo alijibu:

Mwalimu, nianze na swali la tatu kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kwa gesi ya bomba majumbani hapa Mtwara, anayesambaza ni TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi, na anayedhibiti huduma ni EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, kwa hiyo hutakuwa na kampuni mbili za kuchagua kwenye bomba moja. Uchaguzi wako ni kati ya bomba na mtungi, kisha, ukibaki kwenye mtungi, kati ya wauzaji wa mitungi.

Sasa hesabu. Hizi ni gesi mbili tofauti kabisa, ingawa sote tunaziita gesi. Ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa mpaka ukawa kimiminika, na huagizwa kutoka nje. Ya bomba ni methani karibu tupu, na hubaki kuwa hewa tangu kisimani mpaka jikoni. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa joto linalokaribiana na la mita za ujazo 1.3 za gesi asilia. Kwa hiyo chukua bei unayolipa kwa kilo moja, igawanye kwa 1.3, na utakachopata ndicho kikomo: mita moja ya ujazo ya bomba ikiuzwa chini ya hapo, bomba ni nafuu kwa joto lile lile. Tuseme, kwa mfano tu, mtungi wako wa kilo 15 ni shilingi 57,000. Kilo moja ni 3,800, na ukigawanya kwa 1.3 unapata takriban 2,920. Ukitajiwa bei ya futi za ujazo, kumbuka kwamba mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3, usije ukalinganisha vitu visivyolingana.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni jiko. Jiko lililotengenezwa kwa gesi ya mtungi halifungwi kwenye bomba hivi hivi. Ukifungua kichwa cha jiko utaona nozo, kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba katikati, na tundu hilo limepimwa kwa ajili ya gesi ya mtungi, ambayo kwa ujazo ule ule ina joto zaidi ya mara mbili na nusu ya gesi asilia. Ukipitisha gesi asilia hapo, moto unakuwa mdogo na dhaifu, na maharage yako yatachemka mpaka usiku. Lazima nozo zibadilishwe ziwe za tundu kubwa zaidi, na regulata iwe ya mfumo wa bomba. Usikubali mtu alitoboe tundu la zamani kwa msumari au sindano; nimeitwa kwenye nyumba mbili zilizofanyiwa hivyo, na katika zote masufuria yalikuwa yamejaa masizi na moto ulikuwa wa njano badala ya buluu. Kwa hiyo, kabla hujasaini fomu, uliza kama kubadilisha jiko kumo ndani ya gharama ya kuunganishwa au ni juu yako.

Mzee wa Mikindani alijibu:

Mwanangu Mwalimu, mumeo ana haki ya kufurahi, na mimi ninamwelewa, kwani tumeishi na habari za gesi hii tangu ilipogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay, hapo Msimbati, mwaka 1982, kisha mwaka 2015 tukaona bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam likizinduliwa huku sisi wenyewe tukiendelea kununua mkaa. Lakini wewe umeuliza sawasawa. Bei ya gesi ya bomba inabeba gharama za visima, za kuisafisha kule Madimba, na za mabomba ya mitaani, na ukaribu wa kisima hauzifuti gharama hizo. Faida ya ukaribu mimi niliiona kwingine. Mwezi Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, mtungi wangu uliisha siku hizo hizo, na wakala wangu alikuwa na mitungi mitupu tu, kwa sababu mitungi yake huja kwa lori kupitia barabara ile. Nilirudi kwenye kuni kwa siku kadhaa katika umri huu. Gesi ya Madimba haihitaji lori ili ifike mjini, na jambo hilo nalo ni sehemu ya thamani, hata kama haliandikwi kwenye bei.

Kuhusu kumchagua muuzaji wa mitungi, kigezo changu ni kimoja na sikiachi: mizani. Wauzaji wa mitungi wanatakiwa wawe na mizani dukani, na mnunuzi ana haki ya kupimiwa kabla ya kulipa. Kila mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa juu ya chuma, karibu na mshikio. Mwaka juzi nilinunua mtungi wa kilo 6 kwa wakala ambaye bei yake ilikuwa chini kuliko wote, na kwa kuwa uliisha mapema mno, uliofuata niliomba upimwe. Alinung'unika, akasema mizani imeazimwa, nami nikamwambia nitasubiri. Ilipoletwa, mtungi ulikuwa umeandikwa kilo 7.4 mtupu, kwa hiyo ulipaswa kusoma kilo 13.4, lakini ulisoma 12.1. Kilo 1.3 hazikuwemo, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya gesi niliyokuwa nataka kulipia. Unafuu wa shilingi elfu mbili alionitangazia ulikuwa hasara. Niliondoka na mtungi wangu mtupu, na tangu siku ile nanunua kwa kijana mwingine ambaye huweka mtungi juu ya mizani bila kuombwa, kisha ananionyesha sili kabla hajaikata.

Mwalimu wa Hisabati alijibu:

Shikamoo, Mzee, na ahsante sana. Ninaona aibu kusema kwamba katika miaka saba sijawahi kuomba kupimiwa hata mara moja. Kesho nitaanza. Fundi, hesabu ya 1.3 nimeielewa, na nimeipigia matumizi yetu: kilo 15 kwa wiki tano ni kama kilo 13 kwa mwezi, yaani mita za ujazo 17 hivi.

Mzawa wa Nachingwea alijibu:

Dada Mwalimu, niongezee kidogo kwenye lile swali la tatu, kwa kuwa ninaishi Uingereza na nimewahi kubadilisha muuzaji wa gesi mara tatu. Huku bomba la mtaani ni lile lile na gesi inayoingia jikoni ni ile ile, hata ukibadilisha kampuni. Kinachobadilika ni nani anakuletea bili na kwa masharti gani. Uhuru huo ulifika kwa nyumba zote mwaka 1998. Ni uhuru wenye faida, lakini umetufundisha kwa machungu kwamba bei ya chini kuliko zote siyo lazima iwe chaguo bora, kwani bei za jumla zilipopanda mwaka 2021 kampuni karibu 30 zilianguka moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa zilivuta wateja kwa bei ambazo zisingeweza kuzimudu. Wateja hawakukatiwa gesi, kwa sababu mdhibiti, Ofgem, aliwahamishia kwenye kampuni nyingine, lakini wengi walijikuta wakilipa zaidi ya walivyokuwa wamepanga.

Nilichojifunza, na ambacho unaweza kukitumia hapo Mtwara ingawa hakuna kampuni za kuchagua, ni kuyauliza maswali ambayo tangazo halijibu. Je, kuna ada ya kila mwezi hata kama hukuwasha jiko? Nyumba inayotumia gesi kidogo huumizwa na ada hiyo kuliko bei ya uniti, kwa hiyo igawanye kwa zile mita 17 zako na uijumlishe kwenye bei kabla hujalinganisha. Je, bei inaweza kubadilika lini, na utaarifiwa kwa njia gani? Je, mita ni ya kulipa kabla au baada ya kutumia? Na ukitaka kujitoa, vifaa vilivyofungwa ni mali ya nani? Majibu uyapate kwa maandishi.

Mpangaji wa Ligula alijibu:

Ninaheshimu michango ya waliotangulia, lakini ninaomba tusiwasukume watu wote kwenye bomba. Mimi ni mpangaji, ninapanga chumba kimoja na sebule, na mkataba wangu ni wa miezi sita. Nikilipia kuunganishwa, nitakuwa nimemwachia mwenye nyumba mali ambayo pengine atanipandishia kodi kwa sababu yake. Mtungi ninahama nao. Kwa mtu wa hali yangu ninachoangalia kwa muuzaji ni kama kampuni ya mtungi wangu ina mawakala katika mitaa mingi na hata nje ya Mtwara, kwa kuwa wakala wa kampuni nyingine anaweza kukataa kuupokea mtungi wako mtupu, na nimewahi kumiliki mtungi ambao wakala wake pekee alifunga duka. Ulibaki uvunguni mwaka mzima.

Fundi wa Majengo alijibu:

Ndugu Mpangaji, hapo umesema kweli tupu. Mwalimu yuko kwenye nyumba yake, na ndiyo maana hesabu yake ni tofauti na yako; gharama ya kuunganishwa yeye ataigawanya kwa miaka mingi.

Niongeze pia kwamba huduma ikisuasua, iwe ya bomba au ya mtungi, malalamiko huanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na yasiposhughulikiwa hupelekwa EWURA. Kwa hiyo tunza risiti zote, hata za mitungi.

Mwalimu wa Hisabati alijibu:

Ninarudi na mrejesho baada ya siku tisa. Nilikwenda kwa mawakala wote watatu nikiwa na daftari. Wawili walinipimia bila neno, na uzito ulikuwa sahihi. Wa tatu, ambaye ndiye tuliyekuwa tukinunua kwake siku zote kwa kuwa bei yake ni ya chini, alisema mizani yake imeharibika, na sikununua. Kuhusu bomba, tulikwenda na mume wangu kuuliza maswali yote ya dada wa Nachingwea, tukapata bei ya uniti na maelezo ya malipo, nikagawanya na kujumlisha mezani kwetu mbele ya mume wangu, na kwa matumizi yetu bomba limetoka nafuu kuliko mtungi wa wakala mwaminifu. Tumejaza fomu. Mtungi wa kilo 15 tutampa mama mkwe kule Newala, na tutabaki na mdogo wa kilo 6 wa akiba.

Limebaki swali moja kwa Fundi. Wakati tunaanza kutumia mtungi, fundi wa wakati huo alitutobolea matundu ya hewa chini ya ukuta wa jikoni, karibu kabisa na sakafu. Je, yanatosha kwa gesi ya bomba?

Fundi wa Majengo alijibu:

Hayatoshi, Mwalimu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hawajaja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini, na ndiyo maana matundu yaliwekwa sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi, ikivuja hupanda na kujikusanya chini ya dari. Toboa mengine juu, karibu na dari, upande unaotazama nje, na yale ya chini usiyazibe maadamu unabaki na mtungi wa akiba. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, mwombe mfungaji apake povu la sabuni kwenye kila kiungio ukiwa umesimama pale pale. Povu likitoa mapovu yanayokua, asiwashe mpaka kiungio kikazwe na kupakwa tena.