Naomba ushauri: kompyuta imefungwa na virusi, na mashine ya babu nayo imekwama

Wakuu, habari zenu. Naweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Wiki iliyopita mwenzetu alifungua kiambatisho cha barua pepe, mafaili yote yakafungwa, ukatokea ujumbe wa kututaka tulipe kwa bitcoin. Hatujalipa.

Nikaitoa kabatini mashine ya kuhesabia ya marehemu babu, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono. Haina waya wala nywila; mwizi wake lazima aje mwenyewe aibebe. Nataka 47 mara 23? Napanga 47 kwa vile vijino, nazungusha mara 3, nasogeza kigari (sehemu yenye namba za jibu) hatua 1, nazungusha mara 2, namba zinasoma 1,081. Ukitoa hadi ukapita sifuri, kengele inalia. Kijana wa stoo alipoisikia alikimbia kuchomoa kompyuta, akidhani virusi vimerudi!

Jana mkono umekwama katikati ya mzunguko. Sijaulazimisha, maana meno ya ndani yakivunjika spea sitapata. Nahisi grisi ya zamani imeganda. Niisafishe kwa mafuta ya taa? Na ya cherehani yanafaa kulainishia baadaye?

Kuhusu kompyuta, diski nimeitoa bila kuifuta. Mradi wa No More Ransom, ulioanza 2016 kwa ushirikiano wa Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na polisi wa Uholanzi, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi. Kuna aliyewahi kuokoa mafaili yake kwa njia hiyo? Naombeni msaada, mwisho wa mwezi umekaribia.