Wanafunzi wanamichezo wapige chuma au wasubiri wakue? Tujadili

Mleta mada: Wadau habari zenu. Mi nafundisha mpira wa vijana mtaani, na kila nikiwawekea madogo wa miaka 13, 14 mazoezi ya nguvu kuna mzazi atakuja juu, eti chuma kinadumaza, mtoto hatarefuka. Niseme wazi, hilo la kudumaa halina ushahidi. Mtoto akisimamiwa vizuri anarefuka kama kawaida na goti lake linakuwa imara. Kinachoumiza ni kukurupuka. Timu ya shule inalala miezi kibao, UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, ikibaki wiki mbili ndo dogo anabebeshwa lile bomba lenye makopo ya zege huku na huku achuchumae nalo, na kilo zake hakuna anayezijua.

Ninavyotaka mimi, aanze na mwili wake mwenyewe, skwati (kuchuchumaa na kuinuka), pushapu, planki (kukaza mwili ukiegemea viwiko na vidole vya miguu), siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Seti 3 za kurudia mara 8 zikitoka safi mpeleke 10, halafu 12, akimaliza 12 mkao haujaharibika ndo unaongeza mzigo kidogo na kurudi 8. Muda wote macho kwenye magoti, yakianza kuingia ndani au visigino vikinyanyuka ujue mzigo umemzidi, punguza hapo hapo hata kama mwenzake wa pembeni anauweza. Wiki ya nne punguza seti mwili upumue. Na ligi ikianza msiache kabisa jamani, bakini hata na siku moja, maana nguvu ukiiacha inaondoka.

Mdau 1: Mbona wale wakimbiaji wa Iten, Kenya, wametawala dunia kwa milima tu? Mnataka kuwajaza watoto misuli wawe wazito.

Mleta mada: Kaka, Kipchoge mwenyewe, yule bingwa wa marathoni, na wenzake kule kambini Kaptagat, Kenya, wana vipindi vya nguvu, mikeka chini na mipira ya kuvuta, na hajawa mzito. Wiki za mwanzo nguvu inaongezeka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli, sio kwamba misuli imevimba. Na kwenye mpira kuna ile programu ya kupasha mwili na kujenga nguvu, FIFA 11+, dakika kama 20 tu kabla ya mazoezi, waliijaribu Norway kwa mabinti wa miaka 13 mpaka 17 na majeraha yakapungua karibu theluthi. Haihitaji jimu.

Mdau 2: Kocha mi ni mama, na mwanangu anacheza. Nani atayaangalia hayo magoti wakati mwalimu wa michezo ni mmoja, watoto 60, na yeye mwenyewe hajasomea? Halafu mtoto kashinda na uji wa saa nne, nguvu ya kubeba chuma anaitoa wapi?

Mleta mada: Mama, la mwalimu nakubaliana na wewe kabisa, pasipo na wa kuangalia chuma kisiguswe, wabaki na uzito wa mwili na wakae wawili wawili mmoja amtazame mwenzie. Ila la chakula, huyo huyo mwenye njaa tunamkimbiza raundi kumi za uwanja juani na hakuna mzazi anayekuja juu. Mi nasema tupunguze zile raundi, nafasi yake tuweke skwati.