Tupeane uzoefu: mlioanza karate au judo mkiwa mmeshavuka miaka 40, Dodoma na mikoa ya jirani

Wakuu, habari za jioni. Vijana wanasimulia sana safari zao za mikanda, ila sisi tulioanza tukiwa na wajukuu hatusikiki. Naomba tuelezane: ulianzaje, mwili uliitikiaje, mwalimu alikupokeaje?

Naanza mimi. Nina miaka 54, naishi Nkuhungu. Mama yangu mzazi aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na hakutembea tena bila kushikwa. Nilimuuguza hadi mwisho. Tangu hapo nikaingiwa na hofu ya kuanguka ambayo sikuwahi kuwa nayo. Binti wa jirani yangu anafanya karate, akaniambia klabu yao inafundisha na mitupo ya judo, na kwamba hakuna anayetupwa kabla hajajua kuanguka. Nikaenda kwa ajili ya hilo tu.

Miezi ya mwanzo sikurusha ngumi, nilikuwa naanguka. Kwanza nikiwa nimechuchumaa, baadaye nikiwa nimesimama, mwishowe nikisukumwa. Kidevu unakibana kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mgongo unaukunja, huanguki kama gogo. Kiganja na mkono wote vinapiga mkeka kwa pamoja, pembeni kidogo ya ubavu. Na usinyooshe mkono kuidaka sakafu, maana hapo ndipo kifundo cha mkono kinapovunjikia. Wenyewe wanaita ukemi. Wenzangu wa rika langu, hata mkijifunza hilo peke yake mtakuwa mmepata kitu kikubwa. Masika iliyopita niliteleza kwenye tope pale Soko la Majengo, nikakuta kidevu kimeshajibana chenyewe. Niliinuka nikaokota nyanya zangu.

Ila ulizeni kwanza kuhusu sakafu. Klabu moja niliyoitembelea walitaka nianguke kwenye saruji tupu. Niliaga nikaondoka.

Mtumishi, Kisasa
Ahsante mama kwa uzi huu. Mimi nilihamia Dodoma na wizara mwaka 2017, familia ikabaki Dar. Jioni zilikuwa ndefu na tumbo likaanza kutangulia, nikajiunga na karate nikiwa na miaka 46. Sensei wangu, yaani mwalimu, ni mdogo kwa mwanangu wa kwanza. Nje ya ukumbi ananipa shikamoo, naitikia marahaba. Ndani nainama mimi, na akisema rudia, narudia. Mwanzoni iliniuma, siwezi kuficha. Ofisini nikisema watu wanaandika, halafu hapa kijana anashika mguu wangu mbele za watu anaugeuza. Kilichoniweka ni yeye mwenyewe: hakunifokea, wala hakunionea haya. Angeniacha nikosee kwa heshima ya mvi zangu ningekuwa nimeshaacha, kwa sababu ningeona sijifunzi chochote. Kwa hiyo ukienda kuangalia klabu, mtazame mwalimu anavyomrekebisha mtu mzima kuliko wote mle ndani.

Fundi, Singida
Wenye presha nisikilizeni. Natumia dawa mwaka wa kadhaa sasa. Mtindo wetu ni Goju-ryu, na kuna kata, yaani mfuatano wa mienendo unaorudiwa kwa mpangilio, inaitwa Sanchin, unakaza mwili mzima huku ukipumua kwa nguvu. Daktari alinieleza kwamba kukaza hivyo, hasa ukibana pumzi, kunapandisha presha ghafla. Nilimwambia mwalimu waziwazi. Sasa naifanya taratibu, bila kukaza, pumzi inatoka wazi, na hakuna aliyeninyima mkanda kwa hilo. Pimeni kabla ya kuanza, na msifiche.

Mwalimu, Mpwapwa
Kwangu tatizo lilikuwa kupiga magoti mwanzo na mwisho wa mazoezi. Magoti yalikataa. Niliomba nikae kwenye kigoda, nikaruhusiwa. Kama utaratibu wa heshima unakuumiza, omba, usiache mazoezi.

Mstaafu, Kondoa
Dada, mimi nina 61. Nimesoma kwamba yule mwalimu wa karate, Funakoshi Gichin, alikuwa ameshapita miaka 50 alipoipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Je, na mimi bado nina nafasi?

Mwanzisha uzi
Shikamoo kaka. Nafasi unayo, ila Funakoshi tumweke pembeni, yeye alianza Okinawa tangu utotoni. Sisi tunaanza na viungo vilivyokwishafanya kazi maisha mazima. Kitakachokudanganya ni misuli na pumzi, kwa sababu hivyo vinarudi mapema ukajiona kijana, wakati kano za kisigino na goti zinachelewa sana kuzoea. Mateke ya juu yasubiri, hata kama mguu unafika. Na huu upepo wetu wa Juni na Julai, ukifanya mazoezi alfajiri, pasha mwili mara mbili ya wanavyopasha vijana, nao wakikuharakisha waambie watangulie.

Wa Kondoa mnaofahamu ukumbi wenye mikeka na mwalimu mvumilivu, mjibuni kaka hapa. Na akina mama mlioanza baada ya 50, bado nawasubiri.