Treni ikichelewa Ulaya, anayelipa ni abiria: tuache kuwashauri watu nusu nusu

Ndugu wanajamvi,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kila nikiingia humu ninakuta mtu ameuliza swali lilelile, kwamba anakuja Ulaya au tayari anaishi huku na anataka kujua apande ndege au treni kutoka nchi moja kwenda nyingine, naye hujibiwa kwa wepesi kwamba apande treni, kwa sababu ni tulivu, haina usumbufu wa viwanja vya ndege na haichafui hewa. Serikali za huku zinahubiri hayohayo. Hakuna anayemwambia muulizaji kwamba treni mbili za kampuni tofauti zisipopatana njiani, hasara yote inamwangukia yeye, na kwamba sheria inayotakiwa kumlinda imeacha pengo hilo wazi.

Mama yangu alikuja kunitembelea ninakoishi, kusini-magharibi mwa Ujerumani, tukapanga kwenda Barcelona kumwona mdogo wake. Nilinunua tiketi za kwenda Paris kwa kampuni moja, na za kutoka Paris hadi Barcelona kwa kampuni nyingine, kwa kuwa sikupata mahali pa kununua safari nzima kwa tiketi moja. Baina ya treni na treni niliacha nafasi ya kutosha, maana Paris haina kituo kikuu kimoja: treni zitokazo upande wa mashariki huishia Gare de l'Est, ziendazo kusini huanzia Gare de Lyon, na abiria hujivusha mwenyewe na mizigo yake kwa treni za chini ya ardhi. Treni yetu ya kwanza iliharibika njiani na kusimama mashambani kwa muda mrefu. Tulipofika Gare de Lyon treni ya Barcelona ilikwisha kuondoka, na iliyofuata ilikuwa imejaa.

Kampuni ya pili ilinijibu kwamba treni yake iliondoka kwa wakati, kwa hiyo tiketi zangu zimekufa na hainidai wala haidaiwi. Kampuni ya kwanza ilikiri kuchelewa, kisha ikanirudishia nusu ya nauli ya kipande chake tu. Hoteli ya Paris nikalipa mimi. Tiketi mpya za kesho yake, ambazo bei yake ilikuwa imepanda kama zinavyopanda tiketi zote za dakika za mwisho, nikalipa mimi. Mama, ambaye miguu yake huvimba akikaa sana, alishinda kwenye benchi la kituo huku nikitumwa kutoka dirisha moja hadi jingine, na kila karani akinielekeza kwa mwenzake kwa upole mkubwa usio na msaada wowote.

Linganisheni na mtu wa ndege. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, kama ilivyotafsiriwa na Mahakama ya Haki ya Umoja huo, inasema kwamba abiria aliyenunua safari yote kwa tiketi moja, akakosa ndege ya kuunganisha na kufika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa 3 au zaidi, ana haki ya fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Hata sababu ikiwa ni dhoruba, shirika linapaswa kumlisha, kumlaza hotelini na kumtafutia njia nyingine ya kufika. Fidia hiyo haipimwi kwa nauli, hivyo mtu aliyelipa euro 40 anaweza kupata 250.

Abiria wa treni analindwa na kanuni ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Juni 2023. Akichelewa kuanzia dakika 60 anapata asilimia 25 ya nauli, na akichelewa kuanzia dakika 120 anapata asilimia 50. Lakini nauli inayohesabiwa ni ya mkataba, yaani tiketi, wa safari iliyochelewa peke yake. Ukiwa na tiketi mbili za kampuni mbili, mbele ya sheria una safari mbili zisizojuana, hata kama umezinunua siku moja, kwa kadi moja, kwa lengo la kufika mahali pamoja. Yapo makubaliano ya hiari baina ya baadhi ya kampuni za reli, yanayomruhusu aliyekosa treni ya kuunganisha kupanda inayofuata endapo nafasi ipo na endapo wahudumu wamethibitisha ucheleweshaji. Nashukuru kwamba yapo. Hata hivyo hiyo ni hisani, na makarani niliozungumza nao hawakuwa wamewahi kuisikia.

Jambo hili lingekuwa dogo kama treni zingekuwa zinafika kwa wakati. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na hapo treni iliyochelewa chini ya dakika 6 inahesabiwa kuwa haikuchelewa. Nchi hiyo imekaa katikati ya bara, na safari nyingi za kuvuka mipaka hupita ndani yake, kwa hiyo anayempangia mgeni safari ya treni tatu kupitia Ujerumani bila kumweleza habari hii anamtega.

Kuhusu bei, naona watu wakishangaa humu kwa nini treni ya kuvuka mpaka iwe ghali kuliko ndege inayochoma mafuta mengi. Sababu kubwa inajulikana. Mafuta ya ndege za biashara yamesamehewa kodi na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003, na tiketi za ndege za kimataifa hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Tume ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2021 mafuta hayo yaanze kutozwa hatua kwa hatua, lakini mambo ya kodi yanahitaji nchi zote wanachama zikubaliane, na hadi leo hazijakubaliana. Treni kwa upande wake hulipia kila kilomita ya reli inayopita, na Ujerumani hutoza ongezeko la thamani la asilimia 7 kwenye tiketi za masafa marefu, ambalo hadi mwisho wa 2019 lilikuwa asilimia 19. Ni kweli kwamba ndege zinazoruka ndani ya Ulaya hununua vibali vya kutoa hewa chafu tangu mwaka 2012, na nchi kadhaa hutoza ushuru wa tiketi. Bado mizani haijakaa sawa, na walioiweka hivyo ndio wanaotuambia tuchague treni kwa ajili ya tabianchi.

Kuna mahali hata kuchagua hakupo. Lisbon na Madrid ni miji mikuu ya nchi jirani, lakini treni ya usiku iliyokuwa ikiiunganisha ilisimamishwa Machi 2020 na haikurejeshwa. Atakaye reli leo anabadilisha treni njiani na kupoteza siku nzima, wakati ndege huruka kwa saa moja na kidogo. Treni ya usiku ya Nightjet baina ya Paris na Berlin ilizinduliwa Desemba 2023 kwa sherehe na mawaziri, ikaondolewa Desemba 2025 baada ya Ufaransa kuacha kutoa ruzuku. Ufaransa hiyohiyo mwaka 2023 ilipiga marufuku safari za ndege za ndani pale ambapo treni hufika chini ya saa mbili na nusu, na marufuku hiyo ikagusa njia tatu tu za kutoka Orly, mojawapo ya viwanja vya ndege vya Paris, yaani za kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon.

Wasiseme kwamba ninatetea ndege, kwa maana mashirika ya bei nafuu nayo yana lao, hasa kwa sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki. Tiketi inayotangazwa ni ya Paris, kumbe utatua Beauvais, umbali wa kilomita 85 hivi kutoka mjini. Mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya anatakiwa na baadhi ya mashirika apitie kaunta akaguliwe viza au kibali cha ukaazi kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama amejiandikisha mtandaoni, na asipofanya hivyo anazuiwa mlangoni na nauli inapotea. Tangazo hilo huandikwa kwa herufi ndogo. Pia msidhani kwamba treni imewaepusha na ukaguzi: Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, polisi huingia ndani ya mabehewa, na kibali kilichoachwa nyumbani ni balaa. Anayepanda treni ya London akitokea Paris hukaguliwa na Wafaransa na Waingereza palepale Gare du Nord, na viza ya Schengen haimfikishi Uingereza.

Kwa hiyo wanaojibu maswali humu ninawaomba wawe makini. Safari ya treni moja, kama Madrid hadi Barcelona, kilomita 621 kwa saa mbili na nusu, au Paris hadi Lyon kwa saa mbili, haina mjadala: ndege haiifikii ukihesabu muda wa kwenda na kutoka kiwanjani, na kule Hispania ushindani wa kampuni tangu 2021 umeshusha nauli. Safari ya treni mbili zilizo kwenye tiketi moja nayo inafaa. Lakini mtu mwenye mzee, mtoto mchanga au siku chache za viza asipelekwe kwenye tiketi tatu za kampuni tatu eti kwa sababu mandhari ya Alps ni mazuri.

Ursula von der Leyen aliahidi Julai 2024, alipokuwa akiomba kipindi cha pili cha kuiongoza Tume ya Ulaya, kwamba kutakuwa na sheria ya tiketi moja inayonunuliwa mahali pamoja na kumlinda abiria safari yote. Ahadi hiyo tuidai sasa. Kanuni ya mwaka 2021 inampa abiria miezi mitatu tangu siku ya tukio kupeleka malalamiko kwenye kampuni ya reli, na kila nchi mwanachama ina chombo cha kusimamia haki za abiria ambacho hupokea rufaa pale kampuni inapokataa. Rufaa yangu nimekwisha kuipeleka. Aliyekosa treni ya kuunganisha na kunyimwa haki yake aandike hapa chini njia aliyopita, tarehe na jibu alilopewa, afute namba za tiketi na majina, nami nitamsaidia kuandika rufaa yake kwa Kijerumani.