Kompyuta inanipunja kilo za viazi, wakulima wanasema nawaibia. Naombeni ushauri

Binti_Uyole:
Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mi ni karani kwenye stoo ya viazi huku Uyole, gunia likipimwa kwenye mizani ya digitali nasoma kilo naingiza kwenye Excel, jioni natoa jumla ndo bosi analipa. Sasa wiki ya pili hii jumla zinatoka pungufu. Jana kuna mzee katoka Umalila na gunia 6, kompyuta ikasema 397.5, mzee akakataa kabisa, nikajumlisha kwa kikokotoo cha simu nikapata 600.5. Mzee kaondoka amelipwa vizuri ila maneno aliyoyatoa pale mbele za watu yameniuma sana, na bosi ananiuliza za wiki iliyopita zimeenda wapi. Sijala hata kilo moja ya mtu. Nifanyeje?

kijana_wa_soweto:
Hiyo virusi dada, piga windows upya.

FundiMwanjelwa:
Usipige windows, utapoteza rekodi zako bure na tatizo litabaki pale pale. Dada tuwekee hizo namba 6 hapa, ila zikopi ubandike, USIZIANDIKE UPYA. Halafu kwenye seli tupu andika =COUNT(B2:B7), hiyo inahesabu seli zenye namba tu, uniambie inakupa ngapi.

Binti_Uyole:
98.5
102
1O4
97
99kg
100
Hiyo COUNT inanipa 4 kaka, wakati gunia ni 6??

FundiMwanjelwa:
Umeshapona. Chukua 600.5 toa 397.5 inabaki 203. Sasa jumlisha 104 na 99. Ni 203 hiyo hiyo.

Iangalie ile ya tatu kwa makini, hapo katikati siyo sifuri, ni herufi O. Kwenye kibodi O iko chini tu ya 9 na 0, kidole kikiteleza kidogo umeipiga. Kwa macho yako ni 104 ila kompyuta haina macho, kila kitufe unachobonyeza inakipokea kama namba yake maalumu, sifuri ni 48 na O kubwa ni 79, kwake hivyo ni vitu viwili visivyojuana. Ikikuta 1O4 inasema haya ni maandishi, na SUM, ile ya kujumlisha, ikipita kwenye maandishi inayaruka kimya kimya, haikwambii kitu. Na 99kg ni hivyo hivyo, ukishaweka kg umeigeuza maneno. Kwa hiyo kompyuta ilijumlisha vizuri kabisa zile 4 ilizoziona ni namba.

Tena kawaida namba zinakaa kulia na maandishi kushoto, ungeona mwenyewe. Uliziweka katikati?

Binti_Uyole:
Ndio niliziweka katikati ili zipendeze 😭 na baridi ya huku asubuhi vidole vinakufa ganzi, kweli nateleza.

MwalimuKihesa:
Mdogo wangu usijilaumu, hili swali lina umri. Charles Babbage, Mwingereza aliyebuni mashine za kukokotoa, aliandika mwaka 1864 kwamba aliulizwa mara mbili na watu wa Bunge lao kama ukiingiza tarakimu za makosa mashine itatoa jibu sahihi, yeye akashangaa mtu anawazaje hivyo. Nawafundisha wanafunzi wangu waanzie mlangoni, kwenye kinachoingia, ndipo waende kwenye jumla.

FundiMwanjelwa:
Mwalimu kaongea. Mizani nayo ni kompyuta ndogo, uzito ukikaa juu kuna chuma ndani kinapinda kidogo sana, umeme unaopita pale unabadilika, chipu inageuza kuwa namba. Ikitoka pale kwenda Excel inapita kwenye jicho lako na kidole chako, wewe ndo waya kati ya mashine mbili. Mizani zingine zina tundu la waya nyuma, mwambie bosi aangalie. Kwa sasa chagua safu ya kilo, nenda menyu ya Data, Data Validation, weka Decimal kati ya 50 na 150. Ukiandika 1O4 itakukatalia hapo hapo.

mama_makambako:
Na nusu gunia usiandike 1/2, inageuka tarehe, na tarehe ndani ya Excel ni hesabu ya siku tangu 1900, jumla yangu siku moja iliruka zaidi ya elfu 40 nikataka kuzimia. Andika 0.5.

Binti_Uyole:
Mungu awabariki. Nimepitia siku zote 12, nimekuta seli 9 zina O au kg. Nimemuita bosi nikambonyezea ile COUNT mbele yake akaona mwenyewe. Kesho tunawapigia wakulima waliopunjwa waje wachukue hela zao, yule mzee nampigia mimi.

Mama Makambako, hiyo tarehe nami ninayo moja, ya Jumanne, nilidhani ni bosi kaiandika.