Msaada: nimeanza na vitanzi 24, sasa hivi vipo 31 na sijui vimetoka wapi

MamaKijacho: Habari zenu wapendwa. Najifunza kufuma kwa sindano mbili, siyo kroshia, kroshia naijua kidogo nishafuma vitambaa vya makochi. Natarajia kujifungua mwezi wa saba na baridi ya Njombe mwezi wa saba mnaijua wenyewe, so nataka kikofia. Nimepandisha vitanzi 24 nikawa nafuma ile stichi ya kawaida tu kwenda na kurudi, mstari wa kumi naangalia kitu kimekuwa pembetatu, kuhesabu 31!! Nimefumua mara tatu hadi uzi unatoa manyoya. Nakosea wapi jamani? Na ile stichi ya kinyume ikoje?

kapera_mstaafu: Dada mtumbani kofia ya mtoto buku tu unajitesa nini 😂

BibiSindano: Huyo mwache. Mwaya hivyo saba vimezaliwa pembeni. Ukigeuza kazi kuanza mstari mpya, uzi ukiupitisha juu ya sindano kwenda nyuma unakivuta kile kitanzi cha kwanza kinaonekana viwili, na wewe unavifuma vyote, basi kimoja kimezidi. Ushushe uzi kwanza, uupeleke nyuma kwa chini ya sindano ndo uanze. Na hesabu kila mstari, usingoje kumi.

Kinyume sio kitu kipya. Ya kawaida uzi unakaa nyuma, sindano inaingia kwenda nyuma. Kinyume uzi unakuja mbele na ncha inatokea mbele yako. Kawaida inaacha alama ya V, kinyume inaacha kinundu, ni stichi ileile umeigeuza mgongo.

mzee_wa_Makete: Marehemu mama alitufumia masweta kwa spoku za baiskeli kazinoa mwenyewe kwenye jiwe. Nyie mna sindano za duka mnalialia

Fundi_Sweta: Nyongeza, ukifuma mstari kawaida mstari kinyume kingo zinajikunja kama jani kavu la mgomba, usidhani umekosea ndivyo ilivyo. Ukingo wa kofia fuma mbili kawaida mbili kinyume, unavutika vizuri. Ila 24 ni vya kujifunzia, kofia ya kichanga itataka kama mara tatu yake kutegemea unene wa uzi. Na usikaze mkono! Uzi wako rangi gani?

MamaKijacho: Mweusi 🙈

Fundi_Sweta: Ndo maana. Mweusi huoni kitanzi hata mchana, katafute krimu au njano

MamaKijacho: Nimerudi. Nimepata wa njano, mstari wa nane bado 24!! Asante bibi. Ila wa tisa vimekuwa 25 na katikati kuna tundu, kidole kinapita

BibiSindano: Hapo uzi ulikuja mbele ukasahau kuurudisha ukaendelea kufuma, umejipandia kitanzi cha bure. Fumua huo mstari mmoja tu, taratibu, kitanzi kwa kitanzi. Usichomoe sindano yote kama ulivyozoea

MamaKijacho: Umejuaje 😭 nishachomoa